Breki za gari la umeme huugua kwa kukaa bila kazi

Asubuhi ile nililichomoa gari kwenye chaji likiwa limejaa asilimia 100, nikaanza kuteremka mlima ninaouteremka kila siku. Kwa miezi mingi nilikuwa nimezoea kuachia eksileta tu, gari likajishika lenyewe hadi chini kwenye kona, mguu wangu wala usiguse breki. Siku hiyo niliachia mguu, gari likazidi kwenda. Roho ikawa juu. Nilipokanyaga breki nikasikia chuma kikisaga chuma huko nyuma, na gari likachukua nafasi ndefu kuliko nilivyotarajia ndipo likasimama. Watoto waliokuwa kiti cha nyuma walinyamaza kimya.

Nimelifuatilia jambo hili tangu siku hiyo, kwa sababu malalamiko ya wenye magari ya umeme kuhusu breki yanafanana sana, ila vyanzo vyake ni tofauti. Usipovitenganisha utapeleka gari gereji bure, au mbaya zaidi, utalipuuza gari bovu.

Mimi nilikutwa na mambo mawili kwa mpigo. La kwanza halikuwa ubovu. Ukiachia eksileta kwenye gari la umeme, mota inageuka jenereta: mwendo wa magurudumu unazalisha umeme unaorudi kwenye betri, na kazi hiyo ndiyo inayolishika gari. Betri ikijaa haina pa kuupokea umeme huo. Ikiwa baridi sana nayo haiwezi kuupokea kwa kasi. Hapo breki ya mota inapungua au inakatika kabisa. Magari mengine huziba pengo hilo yenyewe kwa breki za kawaida. Mengine hukuonyesha kialama tu kwenye dashibodi, usipokizoea hutakiona. Kama unakaa juu ya mlima, acha kujaza betri mpaka juu kila usiku. Mimi naishia asilimia 80, na kabla ya mteremko nagusa breki kidogo nione inajibu vipi.

La pili lilikuwa ubovu wa kweli. Fundi alilivua gurudumu la nyuma akaniita nione. Upande wa nje diski, yaani sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu, ilionekana ya kawaida, ina wekundu kidogo wa kutu. Akapitisha kidole upande wa ndani, kikatoka na magamba ya kutu kama ya chungu kilichoungua. Pedi ya nje, kile kipande kinachoibana diski, ilikuwa karibu mpya. Ya ndani ilikuwa imeliwa mpaka kwenye chuma. Pini zinazoiwezesha kalipa, yaani kibano kinachozishika pedi, kuteleza zilikuwa kavu, hazina grisi hata chembe, na moja ilibidi aigonge kwa nyundo ndipo ikatoka. Kalipa ilikuwa imeganda, inaibana pedi moja muda wote na nyingine haiguswi.

Nilimuuliza inawezekanaje, wakati mimi breki hizo karibu sizitumii. Akaniambia ndiyo sababu yenyewe. Kwenye gari la mafuta, kila ukikanyaga breki pedi zinaifuta diski, zinapata moto, unyevu unakauka, na kalipa inacheza. Kwenye la umeme mota imeichukua kazi hiyo karibu yote, na chuma kimebaki kinalowa mvua na kukauka, kinalowa na kukauka. Volkswagen waliweka breki za madramu nyuma kwenye ID.3 na ID.4, watu wakaona ni kurudi nyuma kwa miaka, kumbe dramu, lile bakuli la chuma ambalo breki hubana ndani yake, limefunikwa, na kutu hailipati kirahisi. Mimi nayaona ni maamuzi ya busara.

Kwa hiyo zipe breki kazi. Angalau mara moja kwa wiki, kwenye barabara tupu isiyo na gari nyuma yako, kanyaga breki kwa nguvu mara tano au sita kutoka mwendo wa kati. Kukanyaga polepole hakusaidii, maana magari mengi hata ukikanyaga breki huanza na mota, na pedi huingia pale tu mota inapozidiwa. Angalia kwenye mipangilio kama unaweza kupunguza breki ya mota kwa muda. Pia mwambie fundi azivue kalipa na kuzipaka pini grisi kila mwaka, hata kama pedi zinaonekana nene. Pedi nene si ushahidi wa breki nzima.

Mafuta ya breki nayo yanasahaulika. Yanavuta unyevu taratibu, uendeshe usiendeshe. Yale ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230. Yakishaingiwa na maji kiwango kinaweza kushuka hadi 155. Fuata kitabu cha gari lako. Mengi yanataka yapimwe au yabadilishwe kila baada ya miaka miwili au mitatu.

Lalamiko jingine ni la gari "kuruka mbele" unapopita juu ya shimo au tuta huku unapunguza mwendo. Gurudumu linapopoteza mshiko, kompyuta inaikata breki ya mota na kukabidhi kazi kwa breki za kawaida, na katika sekunde ile ndogo unahisi gari limekuponyoka. Katika magari mengi hiyo ni tabia ya mfumo, ila isikufanye ukubali kila kitu. Mwaka 2010 Toyota iliyaita zaidi ya magari 400,000 ya haibridi (yanayotumia mafuta na umeme), Prius yakiwa mengi kati yake, ili kurekebisha programu ya breki, baada ya wenye magari hayo kulalamikia hali ya namna hiyo kwenye barabara mbovu na zenye utelezi.

Basi lalamika, lakini lalamika kwa maelezo. Mara ya kwanza niliwaambia gereji "breki hazishiki vizuri", nikajibiwa kwamba magari haya ndivyo yalivyo. Mara ya pili nilikwenda na karatasi: tarehe, asilimia ya chaji, hali ya hewa, mwendo, barabara ilikuwaje, ujumbe gani ulitokea kwenye dashibodi, pamoja na picha yake. Ndipo wakaliingiza gari ndani. Omba pia lalamiko lako liandikwe kwenye karatasi ya kazi, na lipeleke kwa mamlaka ya usalama wa magari ya nchi yako.

Taa nyekundu ya breki ikiwaka, au breki ikizama kuliko kawaida, au ikawa ngumu kama jiwe, usiendelee na safari. Ikikutokea ukiwa kwenye mwendo, kanyaga kwa nguvu zako zote na usiachie. Magari mengi yenye breki ya mkono ya kitufe yatasimama ukikishikilia kitufe hicho. Nililijaribu langu kwenye uwanja mtupu, mwendo wa kilomita 20 kwa saa: mkanda ulinibana kifuani, gari likasimama. Jioni yake mke wangu naye akalijaribu, mpaka kidole chake kikajua kitufe kiko wapi bila kutazama.