Kwa nini siwahukumu waliompiga amu yako

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma na kuurudia. Unaniuliza kwa nini, tangu amu yako auawe kwa risasi za askari pale kwenye kizuizi cha barabarani, sijawaita wauaji, ilhali marafiki zetu wote wameshawaita hivyo. Unauliza pia kama huko si kumsaliti marehemu. Una haki ya kuuliza, na nitakujibu kadiri ninavyoweza.

Uchungu ninao, tena mwingi. Unamkumbuka alivyokuwa akiendesha: kiwiko nje ya dirisha, vidole vikipigapiga mlango kana kwamba kuna ngoma aisikiayo peke yake. Mpaka leo likipita gari ambalo dereva wake ametoa mkono nje, moyo hunishtuka. Kulia namlilia kila siku. Ila kumhukumu aliyefyatua risasi kunataka nijue mambo nisiyoyajua.

Ninachojua ni hiki: giza lilikuwa linaingia, taa moja ya gari lake ilikuwa imekufa, na mchana wa siku hiyo kizuizi hichohicho kilikuwa kimeshambuliwa. Basi. Yule askari aliona nini? Alipiga kelele gari lisimame? Wenzake waliokufa mchana walikuwa wameshaondolewa, au bado wamelala pale pembeni yake? Waliopigana vitani husimulia jinsi macho yanavyoganda kwenye kitu kimoja, masikio yakaziba, sekunde ikawa ndefu kupita kiasi. Mimi nakiwaza kisa hiki nikiwa nimeketi salama, tena nikijua tayari kwamba ndani ya gari hamkuwa na bomu. Yeye hakuwa na namna ya kujua.

Mwaka 1948, mahakama ya Marekani iliyoketi Nuremberg, Ujerumani, baada ya Vita vya Pili vya Dunia ilitoa hukumu ya jenerali wa Ujerumani, Lothar Rendulic. Huyu aliamuru Finnmark, kaskazini mwa Norwei, iteketezwe wakati jeshi lake likirudi nyuma, akiamini Warusi wanamfuata kwa nguvu. Hawakumfuata kama alivyodhani. Majaji walisema apimwe kwa hali ilivyoonekana kwake wakati ule, si kwa yaliyojulikana baadaye, na kwa shtaka hilo hawakumtia hatiani, ingawa kwa mengine alifungwa. Alikuwa jenerali wa adui aliyeshindwa, na bado alipewa kipimo hicho. Siwezi kumnyima hicho yule askari kijana aliyekuwa kwenye kizuizi.

Usidhani nasema vitani kila kitu ni halali. Itifaki ya Kwanza ya mwaka 1977, iliyoongezwa kwenye Mikataba ya Geneva inayowalinda watu wakati wa vita, inasema mtu akitiliwa shaka kama ni raia au la, ahesabiwe raia. Na kuna matendo yasiyo na shaka yoyote. Tarehe 16 Machi 1968, huko My Lai nchini Vietnam, askari wa Marekani waliua mamia ya wanakijiji wasio na silaha, wakiwemo wazee na watoto wachanga. Rubani Hugh Thompson, Mmarekani mwenzao, aliyaona hayo, akatua na helikopta yake kati ya askari na wanakijiji waliokuwa wakikimbia, akawaagiza wenzake wa ndani ya helikopta wawapige risasi Wamarekani hao wakijaribu kuwaua watu wale. Thompson alihukumu papo hapo, na alistahili kuhukumu. Alikuwepo. Aliona kwa macho yake.

Walionikasirisha mimi, mwanangu, ni wengine: wale wakubwa waliotangaza usiku uleule kwamba ameuawa gaidi. Hao hawakuwa wakipigwa risasi. Walikuwa na taa, meza na muda wa kutosha kuuliza ni nani aliyekuwa ndani ya lile gari, lakini hawakuuliza. Mkewe alisikia mumewe akiitwa gaidi kabla hajaambiwa kwamba amefariki. Kwa hilo sihitaji kusubiri uchunguzi wowote.

Ndiyo maana nimetia saini barua ya kudai maelezo ya walinzi wote wa zamu ile yatolewe kwa familia. Yakija, nitakuita tuyasome pamoja. Tukikuta walimwona vizuri, wakamtambua kuwa raia na wakampiga hivyohivyo, nitasema wazi kwamba ni mauaji na nitakwenda mahakamani kuwasikiliza wakijibu. Hadi hapo, niache nimlilie amu yako bila kumtafutia mtu wa kumchukia.

Baba yako