Kasuku ananiogopa, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo daktari. Nimeachiwa kasuku wa kijivu, mwenyewe kahamia Qatar, sasa ukisogea tu kwa tundu anapiga makelele anajirusha kwa nyavu, manyoya ya kifuani ameyang'oa karibu yote. Watoto wanataka wamshike, niwaache? – Mama Z, Likoni

JIBU: Marahaba Mama Z. Usiwaache! Mdomo ule unapasua kokwa, sembuse kidole cha mtoto. Tundu lisogeze ukutani, upande mmoja ufunike leso apate pa kujificha, na liwe mbali na jikoni kwa sababu sufuria ya nonstiki ikiungua moshi wake unaua ndege chapchap. Halafu we kaa tu hapo karibu naye ukishika simu yako, ongea pole pole, usimkodolee macho, kwake anayekodoa ni mwewe. Ukipita mdondoshee alizeti kwa bakuli uende zako. Ukiona ameanza kuisubiri, sasa mpe kwa vidole kupitia nyavu, akirudi nyuma na wewe rudi, hata ikichukua miezi sawa tu. Akisimama mguu mmoja huku anasagasaga mdomo jua ametulia.

Parachichi usimpe hata kidogo, ni sumu kwake. Na hayo manyoya mpeleke kwa daktari wa mifugo amwangalie, si lazima iwe ni woga, yaweza kuwa ugonjwa. Ila kwanza, karatasi za KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ziko wapi? Biashara ya kimataifa ya kasuku hawa wa porini imepigwa marufuku na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, tangu 2017, na Kenya kumfuga bila kibali ni kesi, kwa hivyo mpigie huyo wa Qatar leo leo.