Kwa nini Ngazija haina mito ilhali mvua ni nyingi

Ndugu mwuliza swali, umeshangaa kwamba Ngazija, kisiwa kikubwa cha Komoro kinachopata mvua nyingi, hakina mto wa kudumu, ilhali jirani yake Nzwani ina vijito. Tofauti hiyo inatokana hasa na umri wa miamba. Mlima Karthala wa Ngazija, wenye kimo cha mita 2,361, ungali volkano hai, na lava yake changa imejaa nyufa na vitundu, kiasi kwamba maji ya mvua hudidimia kabla ya kujikusanya kuwa kijito. Huko chini maji hayo matamu huelea juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi zaidi: kwa makadirio ya kawaida, kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari huambatana na mita 40 hivi chini yake. Ndiyo maana kisima cha pwani kinachovutwa kupita kiasi huingiwa na chumvi, na kupona kwake huchukua muda mrefu.

Nzwani ni kongwe zaidi. Miamba yake imeoza ikawa udongo wa mfinyanzi usiopitisha maji kwa urahisi. Hapo ndipo ubora wa maji unaponitia wasiwasi, kwa sababu miteremko ni mikali, na msitu ukishafyekwa, mvua kubwa moja hujaza kijito matope ambayo huishia kwenye matumbawe. Ukipima maji siku za jua tu, utadhani ni safi; pima pia wakati wa mafuriko, maana sehemu kubwa ya matope ya mwaka mzima husafiri katika siku hizo chache.