Fundi, nimehamia Linux na Notepad++ haimo

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni karani wa mnada wa mifugo huku Handeni. Laptopu yangu ni ya zamani, RAM GB 4. Windows 10 ilipofika mwisho wa matunzo, Oktoba 2025, mdogo wangu aliniwekea Linux Mint, ile ya Xfce, yenye mwonekano mwepesi. Mashine imekuwa nyepesi kweli, ila Notepad++, kihariri (programu ya kuandikia maandishi matupu) nilichokizoea, haimo. Nikashauriwa kuweka kihariri kimoja kikubwa cha waandika programu. Feni ikavuma kama mashine ya kusaga. Tena orodha zangu za zamani, kila penye “ng’ombe” pana kisanduku. Nitumie nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Weka Geany, kihariri chepesi cha Linux. Fungua terminal (dirisha la kuandikia amri), andika sudo apt install geany, ngoja kidogo, umemaliza.

Notepad++ imeandikwa kwa ajili ya Windows tu. Wapo watakaokuambia uiendeshe kupitia Wine, programu inayoendesha programu za Windows ndani ya Linux. Inawezekana, lakini kwa RAM yako hiyo ni kukodi lori kumvusha mbuzi barabara. Geany imejengwa juu ya Scintilla, injini ileile iliyomo ndani ya Notepad++, kwa hiyo namba za mistari, rangi na kutafuta-na-kubadilisha utavikuta karibu kama ulivyoviacha. Kwa kuandika jambo la haraka, Xed, kihariri kidogo kilichokuja na Mint, inatosha.

Utasikia pia habari za Vim, kihariri kingine kinachoendeshwa kwa amri za kibodi. Ni nyepesi mno, na ukiifungua bila faili huenda ikakuomba uwasaidie watoto wa Uganda. Si utani: Bram Moolenaar, Mholanzi aliyeitoa mwaka 1991, alijitolea Kibaale, kusini mwa Uganda, na aliendelea kuwachangishia watoto wa huko. Alifariki 2023. Mimi siku yangu ya kwanza nilinaswa humo nikazima mashine kwa swichi. Ukinaswa, bonyeza Esc, andika :q! kisha Enter. Kwa ukarani wako huihitaji.

Sasa hicho kisanduku, maana hapo kihariri kipya peke yake hakitakuponya. Nadhani orodha zile uliziandika kwanza kwenye Word, ukazinakili. Word hubadilisha kile kikoma cha juu cha ng’ kuwa kilichopinda, na faili ikahifadhiwa kwa usimbaji (namna ya kugeuza herufi kuwa namba) wa zamani wa Windows. Linux inategemea usimbaji mwingine, UTF-8, ikikutana na alama hiyo inakosa pa kuiweka. Ndiyo maana “mbuzi” na “kondoo” wako salama, anaumia ng’ombe peke yake!

Ndani ya Geany nenda File, Reload As, utafute WINDOWS-1252, ndio ule usimbaji wa zamani. Ng’ombe wakirudi, nenda Document, Set Encoding, chagua UTF-8, ndipo uhifadhi. Usihifadhi chochote wakati kisanduku bado kinaonekana, utakigandisha humo.

Jambo dogo jingine: Windows humaliza kila mstari kwa alama mbili zisizoonekana, Linux kwa moja. Orodha haidhuriki, ila skripti ya bash (faili la amri za Linux) iliyotoka Windows inaweza kugoma kabisa. Dawa iko Document, Set Line Endings, chagua LF, ile alama moja ya Linux.

Anza na nakala ya orodha moja, ya mnada wa zamani ambao hakuna anayekudai.