Rodi ya nikeli imepasuka kwenye stenlesi: ninunue ipi?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina karakana Igoma, Mwanza. Nilichomelea miguu ya chuma cheusi (chuma cha kawaida, kisicho stenlesi) kwenye tangi la stenlesi la kuoshea minofu ya sangara, kwa rodi za nikeli nilizouziwa mjini. Muuzaji alisema zinashika chuma chochote. Miezi minne tu, mshono umepasuka katikati na pembeni unaota kutu. Nikeli ipi ni kali zaidi?

JIBU: Marahaba. Chukua rodi iliyobaki, usome maandishi madogo karibu na sehemu ya kubania koleo. Ukikuta ENi-CI au ENiFe-CI, umeshajua kosa. Hizo ni rodi za chuma cha kumimina kwenye kalibu, kile cha bloku za injini na maganda ya pampu. Ganda la rodi hizo limewekwa grafiti kwa makusudi, na grafiti ni kaboni tupu. Kaboni ikiingia kwenye stenlesi iliyo moto huikamata kromi, na kromi ndiyo inayoizuia stenlesi isishike kutu. Inatakiwa asilimia 10.5 angalau, ikishuka hapo, kutu inaanzia pembeni mwa mshono, kama ulivyoona.

Kazi yako wala haidai nikeli. Stenlesi kwa chuma cheusi, kwenye maji baridi, ni rodi ya stenlesi iitwayo 309L. Tumia ya milimita 2.5, ampea 60 hadi 80, mishono mifupi, na uache ipoe kati ya mshono na mshono. Usiongeze juu ya ufa. Saga mshono wote wa zamani uishe, kisha pima kwa rangi nyekundu ya kupenyeza na unga mweupe: ufa mwembamba kama unywele utajichora wenyewe.

Kinachonisikitisha ni hili neno "nikeli" kuuzwa kama mwarobaini. Nikeli ni familia, na kila mwana ana kazi yake. ENiCrFe-3 ni ya kuunganisha stenlesi na chuma cheusi kwenye joto kali, mfano mabomba ya boila: stenlesi ikipata moto hutanuka kuliko chuma cheusi, na nikeli hukaa katikati ya viwili hivyo ili mshono usichanwe. ENiCrMo-3 ina molibdeni asilimia 9 hivi, ya kupambana na klorini kali na asidi. ENiCu-7 ni ya Moneli, mchanganyiko wa nikeli na shaba. Ukizibadilishana hovyo, umelipa bei kubwa kununua ufa.

Hata ile sahihi haivumilii uchafu. Salfa iliyo kwenye grisi, na risasi iliyo kwenye rangi za zamani, huupasua mshono wa nikeli ungali moto. Na jiwe la grainda lililotoka kukata nondo ukilipeleka kwenye stenlesi, umepanda mbegu za chuma cheusi juu yake. Zitaota kutu hata kama mchomeleaji ni bingwa. Stenlesi iwe na jiwe lake na brashi yake ya waya wa stenlesi. Ile rangi ya zambarau na bluu inayobaki kando ya mshono nayo iondolewe. Wengi huiacha wakidhani ni urembo, na viwandani huku sakafu na matangi huoshwa kwa dawa ya klorini kila siku, basi klorini huanzia hapo hapo kutoboa.

Sumaku ya kupimia kama chuma ni stenlesi nayo isikudanganye. Kuna stenlesi zinazovutwa na sumaku, na zisizovutwa nazo huanza kuvutwa kidogo zikishakunjwa.

Halafu moshi: wa stenlesi na wa nikeli unahusishwa na saratani ya mapafu. Kitambaa puani hakikukingi. Vaa barakoa yenye kichujio, fungua milango, na vijana wanaokushikia kazi wavae pia.

Mafundi wote wa kandokando ya ziwa, kataeni rodi za kuhesabiwa moja moja kutoka kwenye ndoo, zisizo na pakiti wala maandishi. Hakuna anayejua ni za chuma gani, wala zilinyonya unyevu kiasi gani masika iliyopita.