Kuongeza mwanga wa tochi kwa kurekebisha draiva: jibu kutokana na niliyoyafanya mwenyewe

Ndugu yetu aliyeanzisha uzi huu ameeleza kwamba ana tochi ya betri moja ya 18650 (betri ya lithiamu ya mviringo, milimita 18 kwa 65), anaitumia kulinda shamba la mpunga dhidi ya nguruwe pori, na mwanga wake haufiki upande wa pili wa shamba. Fundi mmoja amemshauri aweke kipande cha waya juu ya rezista (kidude chenye ukinzani, yaani kinachozuia umeme) iliyo kwenye draiva, kibao kinachodhibiti umeme unaokwenda kwenye LED, yaani taa yenyewe, ili umeme upite wote, naye anauliza kama jambo hilo ni salama. Naomba asilifanye. Mimi nililifanya kwenye tochi yangu ya kwanza, na LED yake haikumaliza dakika tatu.

Nakumbuka vizuri ilivyokuwa. Nilipoiwasha, mwanga ulikuwa mkali kiasi cha kunifurahisha, lakini kabla sijaizima ulianza kugeuka rangi ya samawati, kisha ukafifia na kubaki kama zambarau, na harufu ya plastiki inayoungua ikatoka kwenye kioo cha mbele. Nilipofungua kichwa cha tochi nilikuta kile kibati cha alumini kinachobeba LED kimekaa juu ya ukingo mwembamba wa pete, na chini yake ni uwazi mtupu. Joto lilikuwa halina pa kwenda. Draiva yangu ilikuwa ya aina inayopima mkondo kwa kutumia rezista ndogo sana, iliyoandikwa R200, yaani ohmu 0.2. Chipu husoma volti zilizopo kwenye rezista hiyo na kwa kusoma hivyo hujua ni umeme kiasi gani unapita, kwa hiyo nilipoiziba kwa waya niliinyima chipu njia pekee ya kujua kwamba mkondo umezidi. Kama ningeweka R200 nyingine juu ya ile ya kwanza, ukinzani ungeshuka hadi ohmu 0.1 na mkondo ungekuwa mara mbili tu, kiasi ambacho mtu anaweza kukipanga na kukipima.

Kwa picha aliyoiweka ndugu yetu, hata hivyo, draiva yake si ya aina hiyo. Naona vidude vinne vyeusi vyenye miguu mitatu, vimeandikwa 7135. Hizo ni chipu za AMC7135, na kila moja hupitisha takribani miliampea 350, si zaidi, hata betri ikiwa imejaa. Zikiwa nne, LED inapata ampea 1.4. Kwenye draiva za namna hii rezista zinazoonekana kwa kawaida ni za kupimia volti za betri, ili tochi ijue wakati wa kupunguza mwanga. Kuziunganisha kwa waya hakuongezi mwanga hata kidogo, na huenda kukaiondolea betri kinga yake. Njia ya kuongeza mkondo ni kuongeza chipu nyingine za 7135 sambamba na zilizopo. Ukiongeza nne, unafika ampea 2.8, na LED ya XM-L2 kama aliyonayo imepangiwa kiwango cha juu cha ampea 3.

Kabla ya kushika pasi ya kulehemu, nasisitiza apime. Afungue kifuniko cha nyuma, aweke multimita (kifaa cha kupimia umeme) kwenye tundu la ampea 10, waya mmoja uguse upande hasi wa betri na mwingine uguse ukingo wa bomba la tochi, kisha asome mkondo kwenye mwanga wa juu kabisa. Waya za multimita ziwe fupi na nene, kwa sababu zile nyembamba zinazokuja nazo zina ukinzani wake na zinaweza kudanganya. Kama betri imejaa na bado anapata ampea 0.9 badala ya 1.4, basi chipu zilizopo hazijafanya kazi yao yote, na kuongeza nyingine ni kupoteza fedha.

Hapa ndipo wengi tunapokosea, kwa hiyo naomba nikae kidogo. Chipu ya 7135 haipandishi volti. Inachoweza ni kuzuia mkondo usizidi. LED ya aina hii inahitaji karibu volti 3.3 ikifika ampea 3, na chipu yenyewe inataka ibakiziwe angalau volti 0.12. Betri iliyojaa ina volti 4.2 ikiwa imetulia, lakini betri dhaifu ikiombwa ampea 2.8 hushuka papo hapo hadi 3.4 au chini yake. Ongeza springi nyembamba ya chuma yenye ukinzani wa ohmu 0.1, ambayo kwa mkondo huo peke yake inakula volti 0.28, na utaona kwamba hakuna kilichobaki cha kudhibiti. Mtu analehemu chipu nne kwa shida kubwa, anawasha, haoni tofauti, analaumu chipu.

Kwa sababu hiyo kazi yangu ya kwanza siku hizi ni springi. Nachukua waya laini wa shaba wenye nyuzi nyingi, naupitisha katikati ya springi kutoka chini hadi juu, nalehemu ncha zote mbili, na kuacha waya uwe na ulegevu wa kutosha ili springi iendelee kubonyea. Kisha nasafisha kwa spiriti na kipande cha msasa laini zile nyuzi za skrubu za bomba zinazogusana na kifuniko. Kwenye tochi moja ya jirani yangu kazi hiyo pekee iliupandisha mkondo kutoka ampea 1.1 hadi 1.4, bila kugusa draiva.

Betri nayo ichunguzwe kwa ukali. Betri za 18650 zilizoandikwa uwezo wa kuhifadhi umeme wa miliampea-saa 9900 ni za uongo. Nyingi zilizo bora za ukubwa huo zina karibu 3500. Betri halisi ina uzito wa gramu 45 au zaidi kidogo, na mara nyingi mkono wako utakuambia kabla ya mizani. Zile zinazotolewa kwenye betri kuukuu za kompyuta mpakato zinaweza kuwa nzuri, ila iliyokutwa na volti chini ya 2.5 usiirudishie uhai, kwa kuwa lithiamu iliyoharibika inaweza kushika moto wakati wa kuchaji.

Kulehemu chipu juu ya chipu kunataka utulivu kuliko ujuzi. Mguu wa kati umeungana na bati la mgongoni nao ni wa hasi. Mguu mmoja wa pembeni unapokea amri kutoka kwenye chipu inayobadilisha viwango vya mwanga, na mwingine unakwenda kwenye LED. Chipu mpya ikae juu ya ile ya zamani ikielekea upande uleule, mguu juu ya mguu. Mimi huikunja miguu ya chipu mpya kidogo tu kuelekea chini kwa kibano, napaka dawa ya kulehemia, nashikisha mguu mmoja kwanza, naangalia kwa kioo cha kukuzia kama imekaa sawa, ndipo namalizia mingine pamoja na bati la nyuma. Kwa kuwa mguu wa amri umeungana na wa chipu ya chini, viwango vyote vya mwanga vinabaki vikifanya kazi kama zamani.

Baada ya hapo lipo suala la joto, ambalo ndilo lililoniunguzia tochi ya kwanza. Kwa ampea 2.8 LED inakula zaidi ya wati 9, na zaidi ya nusu yake inageuka joto. Kama chini ya kibati pana uwazi, ampelekee fundi wa kukereza vyuma amtengenezee kipande cha alumini cha kuziba nafasi hiyo, kiingie kwa kubana. Juu yake apake grisi nyeupe ya kupitisha joto, ile wanayoitumia mafundi wa kompyuta, kwa tabaka jembamba sana, kisha kibati kikazwe kwa skrubu. Kipimo changu ni hiki: bomba la tochi linapaswa kupata moto mkononi ndani ya dakika mbili au tatu. Bomba likibaki baridi huku mwanga ni mkali, joto limenasa kwenye LED, na tochi izimwe mara moja.

Nimweleze pia atakachokipata, asije akavunjika moyo. Mkondo ukiwa mara mbili mwanga hauwi mara mbili, kwa kuwa ufanisi wa LED hushuka kadiri mkondo unavyopanda; tarajia nyongeza ya asilimia 70 hivi. Na kwa kuwa umbali unaoangazwa hukua kwa kipeuo cha pili cha mwanga, nyongeza hiyo inasogeza mwisho wa mwanga mbele kwa asilimia 30 tu: aliyekuwa anaona mita 100 ataona kama 130. Betri ya miliampea-saa 2500 iliyokuwa ikidumu saa moja na dakika 45 itaisha kabla ya saa moja. Kwa mlinzi wa shamba, maoni yangu ni kwamba abaki na kiwango cha chini kwa kutembea na akiwashe cha juu kwa sekunde chache anaposikia mpunga ukivunjika. Kama shida yake ni umbali pekee, tochi yenye kikombe kipana na kirefu cha kuakisi mwanga itamfaa zaidi kuliko chipu nne za ziada.

Naomba apime kwanza vitu vitatu, kisha aviandike hapa: mkondo kwenye mwanga wa juu, volti za betri wakati tochi inawaka, na kama chini ya kibati cha LED pamejaa au ni patupu. Nikiviona nitaweza kumwambia aongeze chipu ngapi.