Maswali ya Wasomaji: Mgombea Anaahidi Lami, Ufunguo Anao Nani?

Barua nyingi tulizopokea kutoka Kigoma safari hii zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: mgombea tumjue vipi zaidi ya picha iliyobandikwa kwenye nguzo? Tumechagua tano.

Shikamooni wahariri. Mgombea udiwani wa kata yetu anaahidi lami hadi mtaani, maji ya bomba kila nyumba, na kwamba ziwa halitafungwa tena. Mpinzani wake anaahidi hayohayo. Tuwapimeje? (Mama wa Gungu, Kigoma Mjini)

Marahaba, mama. Kila ahadi itafutie kwanza mwenye ufunguo wake. Barabara za mitaa na za wilaya ziko mikononi mwa TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, tangu 2017, na barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, Wakala wa Barabara. Maji ya mjini yana mamlaka yake, na ya vijijini yako chini ya RUWASA, Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, tangu 2019. Diwani hasaini mkataba wa lami wala hafungi mita ya maji.

Ana kazi gani basi? Ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, na mtendaji wa kata ndiye katibu wake. Maombi ya mitaa yakishapita hapo hupanda halmashauri, yakaingia kwenye kamati za kudumu, kisha Baraza la Madiwani. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini makadirio huandaliwa miezi mingi kabla. Diwani aliyechaguliwa Oktoba ana wiki chache tu za kuingiza kipaumbele cha kata yake, na akizubaa anasubiri mwaka mzima mwingine. Kwa hiyo mkutanoni muulize: barabara hii utaiombea fedha katika bajeti ya mwaka gani, na ya kwanza kwenye orodha yako ni ipi? Mwenye kuijua kazi atataja barabara moja na sababu yake. Asiyeijua atazitaja zote.

Kuhusu ziwa, hapo mgombea anawapotosha wavuvi, na jambo hili linatuuma kwa sababu linagusa chungu cha watu. Tanganyika ni ziwa la nchi 4: Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Kufungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, kulitokana na makubaliano ya nchi hizo, ili dagaa na migebuka wapate kuzaliana. Hakuna kikao cha halmashauri kinachoweza kuyafuta. Anachoweza kukipigania diwani ni ushuru na huduma za mwaloni, yaani soko la samaki la ufukweni, kama pale Kibirizi, na mikopo ya kuwasaidia wenye mitumbwi na akina mama wachuuzi kabla ziwa halijafungwa. Mikopo hiyo ni asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, kisha ikarejeshwa. Mgombea wa udiwani asiyeweza kukutajia mgawanyo huo bado hajajiandaa.

Ushuru nao una njia yake. Baraza hutunga sheria ndogo, lakini haifanyi kazi mpaka iridhiwe na waziri mwenye dhamana na kutangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Anayesema ataufuta ushuru siku ya kwanza ofisini hajawahi kuisoma hata moja.

Huku kwetu mtu akichukua fomu tu, wapinzani wanasema "huyo si Mtanzania, ni wa ng'ambo ya mpaka." Ukweli tuujueje? (Msomaji, Kasulu)

Swali hili ni la Kigoma hasa. Waha wana ndugu upande wa pili wa mpaka, lugha zinakaribiana, na jina au lafudhi haithibitishi chochote. Tunaomba kwa moyo wote uraia wa mtu usipimwe kwa masikio.

Sheria inasema nini? Ibara ya 67 ya Katiba inamtaka mgombea ubunge awe raia wa Jamhuri ya Muungano, awe ametimiza miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na awe mwanachama aliyependekezwa na chama cha siasa. Uraia wa *kuzaliwa* umetajwa kama sharti la rais, katika ibara ya 39. Kwa ubunge Katiba inasema "raia", na aliyepewa uraia kwa tajnisi, yaani kwa kuuomba, ni raia. Mgombea udiwani anaongezewa sharti la kuwa mkazi wa eneo la halmashauri husika, na hilo watu wengi hulisahau ingawa ni rahisi kulikagua kuliko uraia wenyewe.

Mwenye hoja ya kweli ana njia ya wazi. Siku ya uteuzi fomu hupokelewa mwisho saa 10:00 jioni, kisha hubandikwa hadharani ofisini kwa msimamizi. Nenda ukazisome. Pingamizi huwekwa kwa maandishi, na mgombea mwenzake wa nafasi hiyo ni miongoni mwa wanaoruhusiwa kuliweka. Muda wake ni mfupi mno, kwa hiyo ushahidi unaokusanywa baada ya uteuzi huchelewa. Msimamizi huamua, na asiyeridhika hukata rufaa Tume ya Uchaguzi. Anayechunguza uraia ni Idara ya Uhamiaji, na maneno ya kijiweni hayana nafasi kwenye jalada lake.

Mara nyingi kinachomwangusha mgombea ni uzembe wa karatasi: jina la kwenye fomu halilingani na la kwenye daftari la wapiga kura, au tamko halikufanywa mbele ya hakimu. Mgombea ubunge anahitaji wadhamini wasiopungua 25 waliojiandikisha katika jimbo lake, na mpiga kura mmoja hadhamini wagombea wawili wa nafasi hiyohiyo. Chama makini hutafuta wadhamini wa akiba.

Anayetetea kiti anasema amefanya mengi. Tutahakiki wapi? (Kijana wa Uvinza)

Kwa diwani, omba kuona mihtasari ya Kamati ya Maendeleo ya Kata. Angalia vikao vilivyofanyika na miradi iliyopitishwa, kisha nenda ukaione miradi yenyewe kwa macho. Mikutano ya Baraza la Madiwani iko wazi kwa wananchi: kaa nyuma, usikilize nani anauliza na nani anagonga meza tu.

Soma pia ripoti ya CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ya serikali za mitaa, ambayo hutoka kila mwaka mwezi Aprili au karibu na hapo. Itafute halmashauri yako. Hati ni maoni ya mkaguzi: inayoridhisha maana yake hesabu zimeandaliwa sawasawa, na si lazima iwe na maana kwamba zahanati imejengwa vizuri. Yenye shaka ina kasoro mahali fulani, na isiyoridhisha, ambayo watu huiita hati chafu, ina kasoro zilizoenea. Diwani aliyekaa kwenye Baraza miaka hiyo aeleze alisema nini hoja za ukaguzi zilipoletwa.

Kwa mbunge, Bunge huchapisha kumbukumbu za majadiliano, Hansadi, pamoja na maswali yake. Kisha uliza Mfuko wa Jimbo, yaani fedha za kuchochea maendeleo ya jimbo. Kwa sheria ya 2009 mbunge ndiye mwenyekiti wa kamati yake, kwa hiyo hawezi kusema hajui fedha zilikwenda kata ipi.

Mgombea anaahidi miche 10,000 ya michikichi ya Tenera, ile mbegu chotara, kwa kata yetu. Ni mingi? (Mkulima, Kigoma Vijijini)

Piga hesabu. Kwa nafasi ya mita 9 kwa 9, ekari moja huchukua miche 50 hivi. Miche 10,000 ni ekari 200. Wakulima 400 wakigawana, kila mmoja anapata nusu ekari. Mbegu bora iko TARI Kihinga, kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo, hapohapo mkoani kwenu, kwa hiyo muulize kama ameshazungumza nao, kitalu kitakuwa wapi na nani atamwagilia kiangazi. Tenera huanza kuzaa ikiwa na miaka 3 hivi, kwa hiyo miche ikigawiwa mwaka wa 4 wa uongozi wake, chikichi la kwanza mtalivuna akiwa ameshamaliza muhula.

Kanga na sukari za kampeni tupokee? (Bila jina, Kibondo)

Hapana. Mahakama Kuu ilibatilisha takrima, yaani ukarimu wa wagombea kwa wapiga kura, 2006, na Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 inakataza zawadi za kushawishi kura. Piga 113, TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, bila malipo. Taja mahali, saa na kilichogawiwa.